Fungu la Idi Lililobaki Uwanja wa Ndege

Maman mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka Brussels, kwenye mvua isiyo na haraka. Goti lako vipi? Hapo Kamembe mnaamkaje? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila usingizi wangu siku hizi umejaa ndoto. Mwajuma dada yangu, ukimsomea Maman barua hii, soma polepole, usiruke kitu.

Maman, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi: "Weye Salumu, ulisha kula ile nyama? Mi ya kwangu sijagusa, niko nakungojea. Hata batoto ba Mwajuma nilibakatalia." Kwenye simu ulimi ulikuwa mzito, ndiyo maana naandika. Sikuila.

Siku niliyofika nilipita forodhani bila wasiwasi, maana nilijua nimebeba sambaza tu, wale dagaa wa ziwa letu. Mbwa wao akaja, akanusa begi, akakaa mbele yangu kama mgeni anayengoja chai. Dada wa forodha akauliza kama nina nyama. Nikaapa sina! Akafukua sambaza, na chini kabisa akatoa kitenge chako cha njano, ndani yake jani la mgomba, na ndani ya jani fungu langu la kondoo wa Idi, limekauka kwa moshi. Ah, Maman! Ulidhani sambaza wataishinda pua ya mbwa? Harufu ya jiko letu ikajaa pale, nami nikasimama kama mtu aliyelala, nasikia hata kuku wa jirani.

"Samaki chukua," dada akasema. "Nyama haiingii, hata kipande. Inaweza kuleta ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe." Nikamweleza kwamba mama yangu ndiye aliyenikatia. Akanitazama kwa huruma, kisha akaitupa pamoja na kitenge. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimkumbuka Baba Mdogo wa Nkungu, mwaka ule ng'ombe wake walipotokwa na udelele na soko likafungwa, akawa anashinda zizini.

Tangu hapo naota. Juzi nilisinzia kwenye tramu nikitoka kazini, nikamwona yule dada na mbwa wake wakishuka kilima cha Mururu kuja kwetu, ziwa linang'aa nyuma yao. Ukawapa kigoda. Mbwa akalala jikoni, nawe hukumfukuza, ndipo nikajua ni ndoto. Dereva aliniamsha mwisho wa njia.

Naijua desturi yako. Papa, Mungu amrehemu, akienda Uvira kufanya biashara, ulimwekea fungu lake juu ya moshi, na lako hukuligusa mpaka arudi. Sisi tulikula, wewe ulitutazama. Safari yake ya mwisho, fungu lile lilikaa hapo hadi likawa jeusi, na hatukuthubutu kuliondoa. Ningeweza kukuambia nimekula, ungeamini. Lakini Idi ijayo ungeningoja tena.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, Baba Mdogo, na mama jirani anayekutekea maji.

Mwaka huu sirudi, Maman, na mwakani sijui. Kwa hiyo nakuomba, Mwajuma akimaliza kusoma, teremsha nyama yako, kaa na watoto, ule ingali na ladha. Usiningoje.

Mwanao,
Salumu