Mama, Nimeyaona Magoti ya Baba Mkwe

Mama,

Shikamoo huko uliko. Huku St Marys, Sydney, sote wazima. Mwanao Erike mzima, mjukuu wako Divine mzima na meno yake ya mbele yameota, makubwa kama yako. Na mimi mkwe wako Beata ni mzima, ila nina jambo la kuungama. Nimeyaona magoti ya Baba. Yote mawili. Nimeona heri ulisikie kutoka kwangu, kabla hajafika huko mtu wa kwaya yetu akakusimulia kwa namna yake. Unawajua wenyewe.

Usinikasirikie kwanza. Nisikilize.

Nilipoolewa ulinikalisha jikoni ukaniambia kwamba mke hatamki jina la baba mkwe wake, haketi naye uso kwa uso, wala hasemi naye moja kwa moja. Wenzetu wengi walipofika Australia waliyaacha hayo uwanja wa ndege, pamoja na dagaa tulionyang'anywa. Baba akasema yeye hakunyang'anywa mila. Basi miaka kumi na miwili, Baba akikaa kule nyuma kwenye gereji aliyoigeuza sebule, mimi jikoni, wewe ukawa unapita katikati ya ua ukibeba maneno. Ulichonga njia kwenye majani kwa zile kandambili zako. "Baba anasema chai ilikuwa nzuri." "Baba anasema umependeza na gauni hilo." Nami nakupa la kurudisha, unaondoka nalo mbio kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Sasa njia ile imeota majani, Mama. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia mpaka nikachelewa kazini.

Tulijaribu kutafuta mtu wa nafasi yako. Tulianza na Erike, lakini mwanao hana kipaji. Baba anaongea robo saa, yeye anakuja jikoni na neno moja: "Amekubali." Amekubali nini? Hajui. Tukamjaribu Divine. Alikwenda mara mbili, ya tatu akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akapiga kelele, "You guys live in the same house!" Eti tunaishi nyumba moja! Akarudi kwenye katuni zake.

Ikabaki Baba aseme na birika. Anaingia jikoni, anatazama ukutani, anasema, "Sijui kama hii birika itachemka leo." Nami nalijibu friji: "Itachemka tu, mwenye subira atakunywa." Miezi kumi na moja tumeishi hivyo. Unaweza kucheka, hata mimi nacheka ninapoandika, lakini kuna siku zilipita birika lenyewe halikusemeshwa.

Halafu nikaona begi. Nilipeleka nguo zake nilizopiga pasi, nikalikuta wazi kitandani, suti tatu na picha yako juu. Kumbe Goreti, binti yenu wa Adelaide, alikuwa amempigia simu akahamie kwake. Erike alijua. Divine alijua. Mimi hakuna aliyeniambia, maana wa kuniambia ulikuwa wewe. Mama, iliniuma. Sikujua kama Baba anataka kwenda, au amechoka tu kuongea na vyombo. Na kumuuliza sikuweza.

Hapo ndipo ikaja ile vocha.

Unaikumbuka. Siku ulipostaafu kule kwenye nyumba ya wazee, wenzako wa kazini walikupa zawadi ya watu wawili: Siku ya Mediterania, kusafiri kwa mashua ya tanga kuzunguka visiwa vidogo na kutazama samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia. Ukasimama kanisani ukatangaza unakwenda Ulaya. Mchungaji akaiombea ndege. Tuliposoma vizuri nyumbani tukakuta Mediterania yenyewe iko hapa hapa bandarini Sydney, isipokuwa mwenye mashua ndiye Mgiriki. Ukatukataza kumwambia mtu. Nimekutunzia siri. Mpaka leo kina mama wa kwaya wanaamini ugonjwa ulikuzuia kwenda Ugiriki.

Baba aliikuta kwenye droo yako zikiwa zimebaki siku tisa iishe muda. Akasema zawadi ya mtu haiachwi ioze, atakwenda yeye na Erike. Jumamosi asubuhi Erike akainama kufunga kamba za viatu, mgongo ukakamaa, akabaki chini ameshika mguu wa meza. Baba alikuwa tayari mlangoni. Suti ya kijivu, tai, viatu vya ngozi. Mimi nikamtazama mwanao, mwanao akanitazama. "Beata, nenda," akasema, na huo ndio ujumbe mrefu kuliko yote alioutoa mwaka huu.

Kwenye treni nilikaa kiti cha nyuma yake mpaka mjini. Saa nzima nilitazama kisogo chake. Amezeeka, Mama. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

Kasheshe lilianzia kwenye fomu. Nahodha, mzee wa Kigiriki mwenye ndevu nyeupe, alinipa kalamu nijaze jina langu na la mwenzangu. Nikaandika langu. Kisha mkono ukasimama. Kulitamka siwezi, je, kuliandika si ni kulitamka kwa vidole? Hukuwahi kunifundisha hilo. Nyuma yangu foleni inasogea. Baba anatazama bahari kama hahusiki. Mwishoni nikamwelekeza kwa kidevu, nikasema, "Baba." Nahodha akashukuru, akaandika BABA kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya gundi, akambandika kifuani juu ya suti.

Basi kutwa nzima abiria wote, Wazungu watu wazima, mmoja amemzidi Baba umri, wakawa wanawe. "How ya going, Baba?" "Baba, mate, sunscreen?" wakimnyooshea mafuta ya kukinga jua. Msichana mmoja wa wafanyakazi akamletea kofia, "Here you go, Baba." Nilidhani atakasirika. Aliikubali hadhi hiyo mara moja, akaanza kuwapungia mkono.

Upepo ulikuwa mzuri, tanga likajaa, tukapita visiwa kimoja baada ya kingine, vidogo vya kuzunguka kwa miguu ukiwa umebeba mtoto na usichoke. Kila kisiwa nahodha alikilinganisha na cha bibi yake huko Mediterania, na kila mara chetu kikashindwa. Kimoja kinaitwa Kisiwa cha Papa. Baba akauuliza mlingoti kwa nini. Nahodha, asiyejua kwamba swali halikuwa lake, akajibu kwamba ni umbo lake tu. Baba akaniambia, samahani, akauambia mlingoti, "Na huyo papa waliyemtazama wakajua umbo, alikuwa wapi?" Nikauma kitenge changu nisicheke.

Tukatia nanga kwenye ghuba tulivu karibu na mdomo wa bandari, maji ya kijani, mawe chini yanaonekana. Wakagawa nguo za mpira za kuogelea. Nilitumaini Baba atakataa. Alichukua yake, akaenda chumba cha chini, akakaa dakika ishirini. Alipotoka, Mama, nguo ilikuwa inaishia mapajani. Hapo ndipo magoti. Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Juu alibaki na shati lake la kanisani, kola imetokeza, tai ameitoa, namshukuru Mungu. Akageukia bahari akasema kwa sauti ya kutangaza, "Kama kuna mtu anaweza kuvuta hii zipu ya mgongoni, mimi nimegeuka." Wafanyakazi wote walikuwa majini. Nikaivuta kwa macho yaliyofumba. Nikabana shati. Nikaishusha, nikaipandisha tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga kitenge juu ya nguo ya mpira na kingine mabegani, nikafanana na godoro linalohamishwa.

Kisha sheria ya mashua: hakuna anayeogelea peke yake, kila mtu na mwenzake. Wakatupa boya moja la duara, yeye ashike upande huu, mimi ule. Niliwaza, leo ndiyo leo. Lakini tulipotia nyuso majini nikagundua jambo la ajabu. Kila mtu anatazama chini. Hakuna uso kwa uso. Hakuna anayeweza kusema, mrija uko mdomoni. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekaa pamoja bila kuvunja sheria yako hata moja.

Nilisahau woga. Kulikuwa na mwani unayumba, na samaki wadogo wenye mistari wanaotembea kwa makundi. Halafu akaja mmoja mkubwa, buluu tupu, mnene kama Divine, midomo minene, macho ya mwalimu mkuu. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye uso wa Baba, akasimama pale, wakatazamana. Baba akapiga kelele ndani ya mrija, sauti ikatoka juu kama tarumbeta ya jeshi. Akanishika mkono. Mama, alinishika mkono, kwa nguvu, na sote tukainuka juu ya maji, akang'oa mrija, akanigeukia, ananitazama usoni, miwani imejaa ukungu:

"Umeona ile samaki?"

Karibu miaka kumi na mitatu. Neno la kwanza.

"Nimeiona, Baba," nikasema.

Tukabaki tunaelea. Nadhani sote tulingoja kitu kitokee, radi au nini. Hakuna kilichotokea. Nahodha akauliza kutoka juu kama tuko salama.

Tuliporudi mashuani tukapewa taulo, mkate, jibini na zeituni. Baba akatema zeituni baharini, akasema, akiniambia mimi na si mlingoti, "Ile samaki ingefaa kuliwa. Lakini si wewe uipike. Wewe samaki unaikausha."

Nikamwambia, "Baba, mbona Mama aliniambia unasema samaki wangu hawana mfano?"

Akanitazama. "Mimi? Nilimwambia nimekula viatu vinavyofanana nayo."

Nikauliza kuhusu gauni. Hakuwahi kusema kitu kuhusu gauni lolote. Kuhusu chai? Alikuwa akiimwaga kwenye maua. Naye akaniuliza, taratibu, kama ni kweli kwamba namwombea kila alfajiri saa kumi na moja nikiwa nimepiga magoti. Mama! Saa kumi na moja mimi huwa ndiyo kwanza ninakoroma. Akauliza kama ni kweli nilisema yeye ndiye mwanamume pekee wa St Marys anayejua kuvaa suti. Nilichosema ni aache kuvaa suti akienda kumwagilia bustani.

Tulipoelewa ulichotufanyia, Baba alicheka mpaka akaanguka kwenye kamba. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, hata ukiwa hai. Nahodha alidhani ni bahari imemchafua tumbo, akamletea kidonge cha tangawizi. Akakimeza, akaendelea kucheka. Halafu akawa halii, hacheki, anapangusa tu uso kwa taulo. Mimi nililia wazi. Ulikuwa mwongo mkubwa, Mama, na mimi nilimpenda mzee huyu kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasema.

Kwenye treni nilikaa kando yake. Tulipofika kituo cha Blacktown bado kulibaki jambo moja. Siku nilipomzaa Divine kwa upasuaji, damu imenipungua, uliniinamia wodini ukasema, "Baba anasema wewe si mkwe, wewe ni binti yake, kwa hiyo usithubutu kufa." Neno hilo nimeishi nalo. Kazini wakinitukana, narudi kwalo. Niliogopa kuuliza, nikauliza.

Baba aligeukia dirisha.

"Hilo pia sikulisema," akasema. "Siku ile nilikuwa kwa parking ya hospitali. Sikuweza hata kuongea. Yeye akaniangalia tu, akaingia ndani." Akakohoa. "Lakini aliniangalia vizuri."

Nikasema, "Baba, usiende Adelaide." Hivyo tu, bila birika.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudia desturi, akaniambia, "Basi mpigie Goreti, mwambie siendi." Nikamjibu, "Mpigie mwenyewe, Baba." Nilishangaa mdomo wangu. Akatoa simu hapo hapo, akasema, "Goreti, siendi. Kwaheri," akakata.

Nilikuwa sijavua viatu nyumbani simu yangu ikalia. Goreti, analia kwa hasira. Baba ana nini? Kwa nini anamdharau? Amemkosea nini? Nami, Mama, nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikajisikia nikisema, "Wifi, tulia. Baba anasema hakuna siku inayopita bila kukutaja. Anasema moyo wake uko kwako, mwili tu ndio umechoka kusafiri. Na Krismasi atakuja." Baba alikuwa anakula maharage. Hakuwa amesema hata nusu ya neno.

Goreti akasema kama ni hivyo sawa, ila nimwambie huyo mzee ana kichwa kigumu kama jiwe.

Lala salama, Mama. Baba na mimi tutasemezana wenyewe, magoti au bila magoti, hilo nakuahidi. Ile kazi yako nyingine nimeirithi. Nakuahidi pia kuifanya kwa kiasi, nisizidishe kama wewe.

Nilikata simu, nikaenda mezani, nikamwambia Baba kwamba Goreti anamsalimu kwa upendo mwingi.

Mkwe wako,
Beata