Manette ya Espoir bado iko kwangu

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika, mawe ya volkano barabarani yanatoa mvuke, na mimi nimekaa mbele ya televisheni iliyozimwa.

Leo nimemfunga Mama Espoir mabao manne kwa sifuri.

Naandika taratibu ili nielewe nilichofanya.

Mtaani kwetu vijana tuligawanyika kambi mbili: watu wa PlayStation na watu wa Xbox, mashine mbili za michezo ya televisheni. Mimi nilikuwa Play. Espoir, jirani na rafiki yangu, alikuwa Xbox, karibu peke yake. Mashine yangu aliiita jiko la maharage, kwa jinsi inavyopata moto. Mimi nilimwambia yake ni kama redio ya muzee: hakuna mwingine anayeitaka. Volkano ilipolipuka tulikimbilia mji jirani wa Sake, kila mmoja na mashine yake mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, na njia nzima tulibishana ni ipi itakayowaka tukirudi. Watu waliobeba magodoro walitutazama kama wendawazimu.

Zote mbili ziliwaka.

Kambi zetu zilikuwa na sheria moja. Tulicheza mpira, wiki hii kwenye mashine yangu, wiki ijayo kwenye yake, na aliyefungwa alimwachia mshindi manette yake, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili. Hairudishwi kwa kuomba, wala ndugu hawezi kuja kuichukua. Inarudi kwa revanche tu, mechi ya kulipiza. Manette ya Xbox haifanyi kazi kwenye Play, kwa hiyo kwangu haikuwa na faida yoyote. Ilikaa rafini kama mateka, mwenyewe akiteseka nyumbani.

Yake ilikuwa kwangu waasi walipoingia mjini. Maji yalikatika. Espoir alichukua bidon, dumu la maji, akaenda ziwani, na risasi zikaanza upande huo. Hakurudi. Mama yake hakumpata hospitalini, wala kati ya maiti.

Tangu hapo naipangusa vumbi kila Jumapili. Mara nyingine nikitoka chumbani nahisi kwamba nikigeuka ghafla, nitakuta taa yake imewaka.

Sigeuki.

Leo baada ya misa Mama Espoir aliingia, akabaki amesimama. Huniita Papa, kama alivyomwita mwanawe.

"Papa, nakuja juu ya ile manette ya mutoto wangu. Famille banasema tumengojea ya kutosha. Jumamosi tunafanya matanga. Nataka kuiweka pembeni ya picha yake."

Nilitaka kumpa. Mkono ulishafika rafini. Mdomo ukasema kitu kingine.

"Mama, sheria ni revanche."

Nilidhani atanipiga kofi. Huyu ni mama aliyewahi kutufukuza kwa ufagio, kambi zote mbili pamoja. Badala yake akavua viatu, akaketi chini mahali alipokuwa akiketi mwanawe.

"Basi nifundishe. Ya kupiga mupira ni gani?"

Nilimpa manette yangu ya pili, nikamwonyesha. Wachezaji wake walikimbilia kona wakawa wanazunguka hapohapo.

"Huyu anaenda wapi? Rudi, wewe kichwa ngumu!" alimfokea beki, na nikamsikia akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Espoir apotee.

Ingekuwa rahisi kumwachia ashinde. Mtu yeyote mwenye roho angemwachia. Lakini niliona wazi: nikifungwa, manette inaondoka, inawekwa kando ya picha yenye maua, na Espoir amekufa. Nikacheza kwa nguvu zangu zote. Nilimchezea yeye kama nilivyomchezea mwanawe, bila huruma.

Filimbi ya mwisho ilipolia niliogopa kumtazama.

Vidole gumba vyake vilikuwa bado juu ya vitufe. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Revanche ni lini?"

"Jumapili ijayo, mama."

"Sawa. Nitaambia famille bangojee kwanza."

Ameondoka. Sijui kama nimempa kitu au nimemfungia mlango. Jumapili ijayo itabidi nimfunge tena, na ile itakayofuata. Lakini ana vidole vyepesi kama vya mwanawe, nimeviona. Siku moja atajua kucheza.

Siku hiyo nitafanya nini?