Mboga Ambazo Watoto Hawakuandika

Hurlingham, Nairobi
Jumatano jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti limepoa? Na ng'ombe amezaa salama? Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka mwandiko unapinda.

Ile kazi yangu ya muda, ya kupima watoto wa shule wanakula matunda na mboga kiasi gani, karibu initoke. Kila asubuhi naenda shule moja huku Muthangari, watoto wa darasa la tano wanajaza fomu ya walichokula jana. Wiki mbili waliandika chapati, soda, mkate, labda kabichi. Tunda, hakuna. Daktari anayeongoza utafiti akaniambia nikileta tena fomu kama hizo, ataiacha shule hiyo, na mimi pamoja nayo.

Leo nikamkuta msichana mmoja, Wambui, getini, mdomo umejaa mapera. Fomu yake ikaja vilevile: tunda, hakuna.

"Na yale mapera?" nikamuuliza.

"Madam, hiyo si matunda. Hiyo tunachuma tu kwa fensi. Matunda ni ya kununua, kama apple."

"Na mboga ya jana?"

Akainama. "Managu, tulichuma tu kando ya njia. Lakini usiandike, madam. Watanicheka."

Nikaweka kalamu chini. Nikaliambia darasa zima kwamba mama yangu alinilea kwa managu na mrenda, na mwili huu wanaouona haukujengwa na soda. Wakacheka kweli. Kisha mvulana wa nyuma akasema, "Kwetu ni mboga ya terere kila siku," na mikono ikainuka mpaka nikashindwa kuandika. Managu, kunde, zambarau, mapera ya jirani! Daktari alizisoma fomu akiwa amesimama. Sasa tutauliza pia walichochuma njiani, na nimeongezewa miezi sita.

Msalimie baba mdogo wa kinu, na shangazi anayefuma vikapu, mwambie nimeacha kukonda. Kaka akusomee hii polepole, hasa hapa.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alituuliza tulikula nini. Nikasema kabichi. Wewe ulikuwa umeamka na umande kuchuma managu, ukayapika kwa maziwa, nami nikakuonea haya mbele ya watu. Nisamehe, Mama.

Nimejaza fomu moja kwa jina langu, nimeikunja humu. Kaka akusomee palipoandikwa mboga.

Binti yako,
Ayuma