Nilikuwa kwenye Baiskeli Barua Ilipofika

Hallonbergen, Stockholm
Jumanne asubuhi, kabla ya kazi

Mke wangu, Mama Neema,

Hapo Buyenzi mmeamkaje? Mgongo wako unaendeleaje, ile dawa ya kupaka imesaidia au ni mafuta tu kama ulivyosema? Na yule mdogo bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nakwenda kazini, narudi. Ukinikuta barabarani utasema huyu hana neno.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwa simu karibu kila siku. Ni kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Nikisikia sauti yako tu, ulimi unatafuta pa kutokea. Nikaona afadhali niandike, nimpe huyu mama wa kwaya anayekuja Bujumbura kumwona mama yake, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako. Usiisome mbele ya Neema.

Majibu ya uhamiaji kwa ombi letu la ninyi kuja kuishi nami huku yalishatoka, mke wangu. Wamekataa. Na muda wa kukata rufaa umepita, umepita nikiwepo, kwa ujinga wangu. Nimekuficha wiki tano. Kila ulipouliza, "Bado tu?" nilikujibu, "Bado." Nisamehe au usinisamehe, ila acha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka zile wiki tatu na kitu nilizokuambia bosi amenipeleka kazi nje ya mji? Hakukuwa na kazi. Nilikuwa Ufaransa, naendesha baiskeli. Ndiyo, umesoma vizuri. Naendesha baiskeli kwa kujifurahisha, mimi mume wako.

Mwenye karakana ya baiskeli ninayofanyia kazi, kule Kista, ni mama wa miaka sabini na moja, anaitwa Birgitta. Kila mwaka kiangazi kikiisha anasafiri kwa baiskeli, na gari wala ndege hataki hata kuzisikia. Zamani alikwenda na mume wake, lakini mume alifariki. Basi akanijia nimeshika mnyororo, mikono yote grisi, akasema: "Wewe unajua Kifaransa, unajua baiskeli. Twende. Kila kitu juu yangu." Naapa nilitaka kukataa. Nilikufikiria na ndoo yako ya maji na mgongo ule, halafu mimi nikatembee tu? Lakini Mama Neema, miaka minne niko hapa, hakuna mtu aliyewahi kuniambia "twende". Nikasema ndiyo. Kisha nikaogopa kukuambia.

Kabla ya kuondoka nilimwachia ufunguo Mzee Sefania, jirani yangu wa chini. Ni Mrundi, mzee wa kanisa letu, amefanya usafi kwenye ofisi za watu mpaka akastaafu, na Kiswidi anakisoma kuliko mimi. Nikamwambia: "Mzee, kila barua ifungue. Ukiona jambo la haraka, nipigie." Akasema, "Nenda kwa amani, mwanangu, mimi nipo."

Tukapanda treni na baiskeli zetu, tukashuka, tukapanda nyingine, siku mbili nzima. Kule kuna mfereji uliochimbwa zamani kwa ajili ya mashua za mizigo, na pembeni yake kuna njia waliyopita farasi wakizivuta. Sasa farasi hakuna, ni watu wa baiskeli tu. Unaendesha tangu asubuhi hadi jioni bila kusikia honi hata moja. Maji upande huu, mizabibu upande ule, imepanda kilima kwa mistari kama nywele za mtoto zilizosukwa Jumamosi. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Watu tuliokutana nao wamefunga vifuko viwili nyuma, wanahema, wanasema mzigo ni mzito! Mimi niliyesukuma magunia ya mihogo kutoka Sange hadi Uvira, kule Kongo, jua la utosini, askari wananisimamisha kila kizuizi! Sikujua kama mtu anaweza kupanda baiskeli bila kupeleka kitu popote.

Birgitta Kifaransa hajui, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Mimi naulizia mkate, mimi naomba mahali pa kupiga hema, mimi nazungumza na wale wanaofungua milango ya mfereji ili mashua zipande kwenye maji ya juu. Watu wananiita "monsieur", wanasubiri nimalize sentensi yangu. Hapa Stockholm nikifungua mdomo watu wananionea huruma. Kule nilikuwa mtu na akili zake. Ile siku uliposikia bata kwenye simu ukaniuliza, "Baba Neema, huko kazini kwenu mnafuga bata?" nikakujibu ni redio, nilikuwa nimekaa ukingoni nimetumbukiza miguu majini. Ulicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikajiona mjanja.

Siku ya kumi, mkulima mmoja wa zabibu alitukaribisha uani kwake tujaze maji. Ulikuwa msimu wa mavuno, wavunaji wameinama kati ya mistari, wengine weusi kama mimi. Akaniuliza kama nina watoto. Nikatoa simu, nikamwonyesha Neema na sare yake ya shule, kisha wadogo zake. Akauliza, "Wanakuja lini?" Nikamjibu kwa mdomo huu huu: "Kabla ya theluji." Barua ya kutukataa ilikuwa imekaa siku sita nyumbani kwa Mzee Sefania.

Aliifungua, kama nilivyomwambia. Akaisoma yote, hata pale palipoandikwa kwamba tuna wiki tatu za kukata rufaa. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na hakunipigia.

Utauliza kwa nini. Lakini wewe, Mama Neema, usiulize sana. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa njiani na mihogo. Simu ulikuwa nayo, na namba yangu ulikuwa nayo, na hukunipigia. Nilipoingia ulinipokea baiskeli, ukanichemshia maji ya kuoga, ukaniwekea sahani, ukakaa unanitazama ninavyokula. Nilipomaliza kunawa ndipo wajomba wakaingia. Nilikushukuru siku ile, na leo bado nakushukuru. Ndivyo tulivyolelewa, mtu aliye safarini hapewi msiba. Mzee Sefania alinitendea vilevile ulivyonitendea wewe.

Nilirudi Alhamisi, saa kumi jioni. Mzee alikuja kunipokea kituoni, akaninyang'anya mfuko, akaubeba mwenyewe, mtu wa umri ule. Nyumbani kwake alikuwa amepika ugali na samaki. Nikamwuliza, "Mzee, hakuna barua?" Akasema, "Barua zipo. Kula kwanza, mwanangu, ulale, kesho tutaongea." Basi nikala. Nikamsimulia mizabibu. Saa nzima namsimulia mizabibu na mfereji na mkulima, yeye anatikisa kichwa tu, hagusi chakula. Nilidhani amechoka.

Asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamwona mzee, mchungaji, na huyu mama wa kwaya, wamevaa nguo za kanisani siku ya Ijumaa. Nilijua umekufa. Nikapiga kelele, "Ni nani? Ni mke wangu?" Mchungaji akasema, "Tuombe kwanza." Tukaomba, na maombi yalikuwa marefu. Ndipo mzee akatoa bahasha.

Nitakuambia aibu yangu: nilipoona ni karatasi tu, nilishukuru Mungu. Kisha nikasoma. Walikataa kwa sababu ya kazi yangu, kwamba ni ya muda, haiwezi kulisha watu watano. Na mkataba wa kudumu Birgitta alinipa tangu Juni! Uko kabatini, nimeuweka kwenye plastiki usichafuke. Sikuupeleka, nikidhani watauomba wenyewe. Karatasi moja tu, ningeituma na rufaa ingeanza safari yake. Nikatafuta siku ya mwisho. Ilikuwa jana yake, Alhamisi. Jioni ile nzima ningeweza kuituma kwa kompyuta nikiwa nimekaa. Nilikuwa nakula samaki.

Nikamwuliza, "Mzee, hii tarehe hukuiona?"

"Niliiona, mwanangu. Lakini mtu ametoka mbali, nimpige na habari kama hiyo tumbo tupu? Nikasema, Waswidi nao ni watu. Tukichelewa siku moja tu watatuelewa."

Nilimwambia neno baya. Nilimwambia, "Umenizikia watoto wangu." Mbele ya mchungaji. Mzee akainuka, akatoka. Tangu siku ile haji kanisani, nikigonga mlango wake hafungui, nikiacha chakula nakikuta jioni palepale. Nimempoteza na yeye pia.

Rufaa niliituma siku ileile pamoja na maelezo. Wakajibu kwamba imechelewa, haitasomwa. Nikaenda kwa mama mmoja anayesaidia wageni mambo ya sheria. Alisoma kila kitu taratibu, akanitia moyo: mkataba ni mzuri, tuombe upya, wewe na wadogo wawili mna nafasi kubwa. Nikamwuliza, "Na Neema?" Akatazama tarehe ya kuzaliwa. Neema ametimiza miaka kumi na minane. Kwenye ombi la kwanza alikuwa mtoto wangu. Kwenye ombi jipya ni mtu mzima, hahesabiwi nasi.

Birgitta nilimweleza. Akalia, akasema, "Ungeniambia kuna barua unaisubiri, nisingekuchukua." Kwa hiyo hata yeye siwezi kumlaumu. Nimetafuta mtu wa kumlaumu kila pembe, Mama Neema, simpati. Na kinachonikata maini si ile siku moja. Ni kwamba nilikuwa na furaha. Wiki zile tatu za rufaa, hizo hizo, ndizo wiki pekee nilizokuwa na furaha tangu niwaache. Nikiwa na huzuni hapa miaka minne hakuna kilichoharibika. Nilipocheka kidogo tu, mtoto wangu akabaki nje.

Sasa siwezi hata kujaribu baiskeli ya mteja. Nikishamaliza kuitengeneza namwomba mwenzangu aizungushe yeye.

Fomu mpya nimeijaza, yako na ya wadogo wawili. Sijaituma. Sitaituma hadi uniambie. Najua utasema binti huwezi kumwacha peke yake Bujumbura, na mimi nasema hivyohivyo. Halafu namkumbuka mdogo na kile kikohozi, naona tumwahishe. Halafu namwona Neema amesimama mlangoni anawaaga, naichana. Nimeshachana mbili, hii ni ya tatu. Sina akili ya kukushauri, mke wangu. Sijui la kufanya. Ningekuwa na mtu mzima wa kumwuliza ningemwuliza, lakini mtu mzima niliyekuwa naye nimemtukana.

Nisalimie mama mkwe, mwambie miguu yake naiombea. Nisalimie kaka yako mkubwa, na akikasirika mwambie anikasirikie mimi, Mzee Sefania amwache. Msalimie na yule jirani wa cherehani aliyemshonea Neema nguo ya safari, lakini usimwambie kitu bado. Wadogo wabusu wote wawili.

Neema usimpe salamu zangu. Jumapili nitapiga, ibada ikiisha. Simu ikilia usipokee wewe. Mpe yeye, utoke, umfungie mlango, nimwambie mwenyewe.

Mume wako,
Baba Neema