Duka Lenye Moyo Mlangoni

Kwa dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakujulia hali, acha nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namchukia Madamu wa dukani. Sisemi kwamba simpendi tu. Namchukia hasa, hadi nikisikia funguo zake mlangoni natafuta pa kujificha. Haya, sasa nikusalimu. U hali gani, na shemeji, na kale kachanga kenu? Sisi huku wazima, ila Mama miguu inamvimba, na sababu utaiona hapo chini.

Unalijua lile duka la mitumba mkabala na posta, lenye picha ya kiganja kilichoshika moyo mwekundu. Nilikuandikia kwamba tunajitolea pale, mimi nikitoka shule, Mama karibu kutwa. Watu huleta nguo bure, sisi tunachambua, tunafua, tunapiga pasi, Mama anashona palipochanika, miguu kwenye pedali hadi inamvimba, Madamu anauza. Ujira wetu ni aproni yenye moyo kifuani na kuitwa malaika. Siku Mama akiitwa malaika, hurudi nyumbani anaimba. Wateja wake mwenyewe wa kushonewa amewaacha mmoja mmoja, anawaambia ana kazi ya watoto wagonjwa. Ukimuuliza watoto gani, anakukazia macho kana kwamba umemtukania mzazi.

Mimi unavyonijua, mbele za watu ni bubu. Madamu hunitania kwa wateja, eti ile sanamu ya dirishani ina maneno kunishinda. Ndiyo maana hakunijali siku alipokuja bwana mmoja anayechukua makoti mazuri kwa jumla. Nilikuwa nimepiga magoti pale pale, naivalisha sanamu viatu. Wakazungumza kwa lugha ya pili, ile tunayofundishiwa darasani. Bwana akauliza hao watoto wamelazwa hospitali gani. Madamu akacheka mpaka akashika meza. Akasema hakuna mtoto wala nusu ya mtoto, duka ni lake na mumewe, na yeye hajamdanganya mtu. Ameweka moyo mlangoni tu, mengine watu wanajijazia wenyewe. Bwana akauliza, na yule mama wa cherehani? Akajibiwa kwamba yule hata ukimlipa atakataa, ukitaka ashone zaidi mwite malaika.

Dada, kiatu kiliniponyoka. Madamu akageuka, akaona usoni mwangu kwamba nimeelewa kila neno. Hakufoka. Alimsindikiza mgeni wake, akarudi, akaniita stoo. Akaniambia kwa sauti ya asali kwamba Mama ana raha sana pale, mtu mwenye roho nzuri hawezi kumharibia. Kisha akachomoa kwenye marundo gauni la bluu, jipya kabisa, akaniwekea mikononi.

Ndilo lile ulilolisifia kwenye picha ya mahafali.

Nililichukua, dada. Nilisema hata asante. Mama nilimdanganya kwamba nimetunzwa kwa bidii yangu. Akanipunguzia pindo mwenyewe, amepiga magoti na ile miguu yake, pini mdomoni, akimsifia Madamu kwa roho yake safi. Aliponiambia nigeuke, niligeuka. Siku ile nilimchukia hata yeye kidogo, kwa kuamini kirahisi hivyo. Na mimi mwenyewe najichukia kuliko wote.

Ningeendelea kunyamaza, lakini wiki hii cherehani ya dukani imekufa. Madamu hakununua nyingine. Alimsifu Mama mbele ya wote, akahema, akasema sijui sasa watoto watafanyaje. Mama akaahidi cherehani ya Bibi. Ile ile iliyotusomesha sisi wawili! Kesho asubuhi gari linakuja kuichukua. Ameshaifuta vumbi, ameitia mafuta, ameifunika shuka safi kama maiti anayesubiri wazishi.

Nilikaa kukuandikia ili uje umwambie wewe, kwa kuwa wewe una mdomo. Lakini hata ukipanda gari sasa hivi, hutawahi.

Nasikia ndala za Mama zinakuja. Kila alipopita jioni hii nilikuwa nafunika karatasi hii kwa daftari la jiografia, naye akinisifu kwamba nasoma. Sasa nimelisukuma daftari kando. Kumwambia kwa mdomo sitaweza, najijua, nitalia tu. Nitamgeuzia karatasi aisome, na asipomwelewa Madamu, angalau atanielewa mimi.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto mashavu yote mawili. Ukiona pembeni mwa barua alama za vidole vyenye mafuta ya cherehani, ujue imesomwa kwanza na mwenye haki nayo kuliko wewe.

Wako wa tumbo moja,
Mdogo wako