Zahanati Ibaki

Dada yangu mpenzi,

Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, na cherehani imepona.

Siku hizi halmashauri inachagua wananchi kwa bahati nasibu, wakae pamoja waamue mambo magumu. Basi jina langu likatoka! Shauri lilikuwa zahanati yetu: ibaki hapa mtaani au ihamie jengo jipya kule barabara kuu? Na aliyetaka ihame ni shemeji yako, diwani mwenyewe.

Tuliwasikiliza wakunga na wahandisi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, naye shemeji yako kakaa mbele yangu. Nikasema, "Mwanamke mwenye uchungu hafiki barabara kuu kwa miguu. Mimi nilijaribu, kabla zahanati hii haijajengwa." Unamjua mtoto niliyempoteza njiani, dada. Sikueleza zaidi. Tulipopiga kura, wengi wakasema ibaki.

Nyumbani akalala sebuleni. Nikajua ndoa imeingia ufa. Asubuhi nikamkuta jikoni, bwana mkubwa, anapuliza moto wa chai.

"Mama watoto," akasema, "kumbe siku ile ulitembea?"

"Ulikuwa kwenye kampeni. Na uliporudi hukuuliza."

Akainama. Kisha akasema, "Wakiitwa wananchi wengine, mimi nitakaa nyuma nisikilize." Halafu, kwa sauti ndogo, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nikamwambia. Tukalia wote wawili, chai ikafurika ikazima moto. Dada, tangu siku hiyo kifua changu ni chepesi, na usiku nalala fofofo.

Wasalimie wanao wote.

Mdogo wako akupendaye