Sufuria ya Pembeni

Kasongo, Jumanne

Basi nimekuwa tai. Tangu wanitoe mtoto wa jicho, naona kila kijiwe ndani ya mchele, na shati langu jeupe kumbe ni la njano.

Nikamtangazia mke wangu kwamba narudi kuendesha pikipiki hadi Wamaza. Nikainuka kwa fahari, nikaipiga teke sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyokuwa kando yangu.

"Baba Furaha, sufuria nayo iko na mutoto wa jicho?"

Daktari alinionya: glokoma, ile presha ya jicho, ilishakula uwezo wangu wa kuona pembeni, na upasuaji haurudishi kilicholiwa. Matone niweke kila siku. Mimi nilisikia "utaona" tu.

Matone nimeweka. Ufunguo wa pikipiki nimemkabidhi mke wangu. Aliupokea bila kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.